Utepe Mwekundu Chini ya Kiti

*(Barua hii haikutumwa.)*

3 Februari

Mdogo wangu Kimbaumbau,

Nimeandika "natumaini hujambo" mara tatu nikafuta mara tatu. Naingia moja kwa moja. Chini ya kiti cha pikipiki uliyoondoka nayo juzi hakuna fyuzi. Kuna kipande cha waya.

Asubuhi ile, wewe ukizunguka gereji na viatu vyako vipya vya kazi, mimi nilikuwa nimepiga magoti nasali huku nimeuma meno. Fyuzi ya kwanza ilikatika nilipokunja usukani kushoto. Ya pili hivyo hivyo. Ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho dukani. Kuna shoti mahali fulani shingoni, pale waya zinapopita chini ya usukani, na kuitafuta kulihitaji nifumue kila kitu, siku nzima. Siku hiyo hukuwa nayo. Ulitakiwa uripoti zahanati kesho yake ukiwa na pikipiki nzima, la sivyo kazi ya kubeba chanjo apewe mwingine.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu ya kweli alikuwa ameikalia Baba kwenye benchi, na mkongojo wake, akiwaambia wateja, "Kazi ya binti yangu haijawahi kurudi." Na yule mteja anayeniita Fundi Sketi alikuwa amekunja mikono, anangoja nishindwe. Nikachomoa nyuzi za shaba, nikazisokota, nikazichomeka mahali pa fyuzi, nikafunga juu utepe wangu mwekundu, alama ya kazi yangu. Pikipiki ikawaka. Ukanikumbatia ukasema, "Dada, una mkono wa dawa."

Wewe ni mtoto wa gereji, nikufundishe nini? Fyuzi kazi yake ni kufa kwanza ili vingine vipone. Waya haufi. Shoti ikishika, njia yote ya waya inapata moto, na juu ya njia hiyo kuna tangi la petroli, na nyuma ya tangi uko wewe.

Toa huo waya leo. Weka fyuzi. Ikikatika, usipande tena mpaka nije.

Dada yako

---

4 Februari

Kimbaumbau mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimejijibu mwenyewe, maana nikikungoja wewe nitazeeka.

Baba hajambo. Analalamika chai ni ya baridi, nikiipasha analalamika inaunguza, kwa hiyo afya ipo. Dereva wa lori la dawa amekubali kukuletea huu mfuko wa turubai. Usiugeuze mto wa kulalia.

Nisikilize. Pikipiki ya njia ndefu haikuangushi kwa injini. Inakuangusha kwa umeme, na umeme una tabia ya kuharibika mahali ambapo hakuna hata mbuzi wa kumwuliza. Ndani ya mfuko kuna taa ya kupimia niliyoitengeneza kwa balbu ndogo na waya mbili. Mguu mmoja ushike chuma cha fremu, mwingine gusa unapopashuku. Ikiwaka, umeme umefika hapo. Isipowaka, rudi nyuma hatua moja, gusa tena. Usiruke hatua, wewe una pupa. Kuna msasa wa kusugulia vichwa vya betri, spana namba kumi, koleo, tepu nyeusi, waya mita mbili, plagi na kofia yake, balbu ya mbele. Na fyuzi kumi na mbili, nimezishonea kifuko chao.

Ikizima njiani, usiguse kitu kwanza. Shuka, egesha, vuta pumzi. Anza na ile swichi ya kuzimia injini hapo kwenye mkono wa usukani, maana kuna watu wamesukuma pikipiki kilomita nne kumbe dole gumba liliigusa tu. Mmoja wao ni wewe, tusifichane.

Sasa la muhimu. Ukishapokea mfuko, fanya zoezi moja. Fungua kiti, fumua utepe wangu, chochote utakachokikuta humo toa, weka fyuzi mpya. Fanya ukiwa kivulini, umeshiba, huna haraka, ili siku ya mvua mkono uwe unaijua njia. Mengine yote unaweza kuyasahau. Hilo usilisahau.

Dada yako, Fundi

---

17 Februari

Dada Fundi,

Shikamoo! Haya, nimekuamkia, usiende kwa Baba kusema sina adabu.

Huku simu ni ya kutazamia saa tu, mtandao hakuna hata ukipanda juu ya tangi la maji, nimejaribu, nimefukuzwa. Kwa hiyo vumilia mwandiko huu wa kuku.

Mfuko umefika na umeshanilipia nauli yake. Juzi nilikuwa nashuka mteremko na kasha la chanjo nyuma, barafu inayeyuka, pikipiki ikazima kimya. Moyo ulinidunda, we acha. Nikafanya ulivyosema. Nikashuka. Nikavuta pumzi, moja tu, ya pili nilikosa subira. Swichi iko sawa. Nikachukua taa yako, nikagusa betri, giza. Kumbe kichwa kimelegea na kimeota unga mweupe! Msasa, spana namba kumi, dakika tisa. Watoto sabini na wawili wakachanjwa, wakalia wote, mimi nacheka peke yangu. Nesi ananiita injinia.

Lile zoezi lako nimelifanya, ila kwenye pikipiki za wenzangu. Ya kwangu hapana. Nifumue utepe mwekundu, mimi? Umesahau lile kofi? Nilikuwa na miaka tisa, nikafungua kazi ya marehemu mjomba kwa udadisi tu, Baba akanizaba mpaka nikaona nyota mchana. "Ukifumua utepe wa mwenzako naye hayupo, umemwita mwongo." Pale kwetu kila fundi na rangi yake, na rangi ya mtu ni neno lake. Sikio hili la kulia bado linanikumbusha.

Na nifungue nitafute nini? Hapa tuko wapanda pikipiki sita. Wenzangu wanamaliza fyuzi kama karanga. Yangu haijakata hata moja tangu nitoke nyumbani. Hata moja, Dada! Nimewagawia tisa kati ya zile ulizonipa, nimebakiza tatu za sherehe. Msimamizi akauliza ni nani aliyesuka waya za pikipiki hii. Nikamjibu mbele ya watu wote: dada yangu, na kazi yake haijawahi kurudi.

Mwambie Baba maneno hayo hayo.

Wako Kimbaumbau, Injinia wa Chanjo

---

3 Machi

Kimbaumbau,

Nilimsomea Baba barua yako. Alilia. Akataka nirudie pale kwa msimamizi, na wateja walikuwa wameshajaa, nikarudia. Yule wa Fundi Sketi alivua kofia. Nikaikunja barua kabla ya kumalizia.

Sasa weka utani pembeni. Fungua hilo boksi la fyuzi chini ya kiti. Utepe ni wangu, mwenye utepe ni mimi, na mwenye utepe anakuruhusu kwa maandishi. Hujamwita mtu mwongo. Fyuzi kutokatika hata mara moja kwenye barabara kama hizo si sifa, ni jambo la kumfanya fundi ajiulize. Zile nilizokuwekea nilizinunua duka jipya pale kona na nasikia watu wanazilalamikia. Ndiyo hivyo tu. Nataka uweke nyingine.

Na nani alikutuma kugawa? Nilikupa wewe, sikufungua nyumba ya sadaka.

Jambo lingine. Ukikata kona kali ya kushoto ukasikia harufu yoyote, simama hapo hapo, zima, chomoa waya wa betri. Usiniulize kwa nini. Fanya.

Dada yako

---

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Uliamkia upande gani siku ile? Nilitegemea hongera, nikapata barua ya miiba.

Nikwambie kitu bila kukukosea heshima. Tangu Mama atutoke hujaacha kunikagua kucha. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, sawa. Sasa nina ishirini na sita. Kama fyuzi zako zilikuwa mbovu zingekatika, na hazijakatika, basi ni nzima. Unanitafutia kosa kwa sababu niko mbali na mkono wako haunifikii. Utepe siufungui. Siku ukija utaufungua mwenyewe.

Ila lile wazo la kukagua fyuzi nilimpelekea msimamizi, akalipenda, akanipa kazi ya kukagua pikipiki zote na kujaza fomu kila mwezi. Na ukaguzi wa kwanza tu, patashika! Kuna mzee mmoja hapa tunamwita Mzee Miwani, anabeba sampuli za damu, yuko kazini miaka kumi na mmoja. Nilipofungua kiti chake nilikuta waya. Waya mtupu, mahali pa fyuzi! Akanivuta pembeni, mtu mzima sawa na Baba, akaniambia, "Mwanangu, fyuzi ziliniishia njiani, nilitaka kufika tu. Nitaweka kesho." Nikamwambia kesho ya namna hiyo ni kaburi.

Nimeiandika kwenye ripoti. Wamemnyang'anya pikipiki, sasa anafagia uwanja. Wenzangu wananinunia, chai nakunywa peke yangu. Lakini mtu anayeweka waya mahali pa fyuzi anajua anachokifanya. Huyo si mzembe, huyo ni muuaji mwenye haraka. Wewe ungefanya kama nilivyofanya, au sio?

Harufu naisikia kidogo nikikata kona, ni kweli, ya plastiki. Ni turubai ya mfuko wako inagusa ekzosti. Nimeifunga juu zaidi.

Mdogo wako

---

31 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba.

Niliyosoma kuhusu yule mzee yamenikaa kifuani. Muuaji ni neno kubwa, mdogo wangu. Mtu anaweza kuwa mwema kabisa na akabanwa asubuhi moja tu. Kama ripoti yako inaweza kubadilishwa, ibadilishe. Mrudishie mzee wa watu pikipiki yake.

Nakutumia boksi jipya la fyuzi, pamoja na waya zake zote kuanzia betri mpaka shingoni. Nimezishona mwenyewe siku nne, nimefunga gereji kwa ajili hiyo. Ni rahisi. Legeza skrubu mbili, chomoa boksi la zamani zima zima na waya zake, chomeka hili. Lile la zamani usilifungue. Utepe uache ulivyo, litupe chooni na utepe wake. Kwa hiyo kofi la Baba halikuhusu.

Fanya siku hiyo hiyo dereva atakapokukabidhi. Nakuomba. Nimekulea, nimekusomesha, sikumbuki kama nimewahi kukuomba kitu. Hiki nakuomba.

Nilianza kuandika jambo lingine hapa lakini dereva anapiga honi.

Dada yako

---

14 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo mara mia. Una moyo wewe, na mimi ni mjinga.

Barua yako ilinichoma. Nilikuwa najiona shujaa, kumbe nimemvua nguo mtu mzima mbele ya watu. Nikakaa na lile boksi mapajani nikiliangalia lilivyoshonwa, kila waya na rangi yake, nikasema hii kazi haipaswi kwenda kwangu ambaye sina shida. Nikamwita Mzee Miwani. Tukalifunga pamoja kwenye pikipiki yake, kwa muda wa saa mbili na nusu, yeye anashika, mimi nafunga. Nikajaza fomu mpya. Msimamizi amemrudishia kazi. Mzee alinishika kichwa akaniombea, na sasa chai sinywi peke yangu.

Usikasirike. Wewe ndiye uliyesema arudishiwe pikipiki, na mimi sikuwa na njia nyingine ya kumrudishia. Yangu ni nzima, inahitaji nini? Nimeiunganishia hata taa ya pili ya mbele, kwa mikono yangu, inamulika vizuri sana kwenye ukungu.

Kesho navuka mto, siku tatu, vijiji vinne. Mfuko nimeukagua, kila kitu kipo, na zile fyuzi tatu za sherehe.

Wako Kimbaumbau

---

30 Aprili

Dada,

Mwandiko si wangu, usishtuke. Anaandika Mzee Miwani, mimi nasema.

Niliungua siku ya pili ya safari. Kwenye kona ya kushoto, ile ya kupandia kutoka mtoni, moshi ulitoka chini ya usukani. Kabla sijaegesha, moto ulishashika tangi. Mfuko wako ulikuwa umefungwa nyuma, sikuuwahi. Nilikimbilia kasha la chanjo. Ningeliacha, lakini nilifikiria wale watoto waliokuwa wamepangwa foleni, nikavuta kamba kwa mikono mitupu na kamba zilikuwa zinawaka. Kasha lilitoka. Chanjo ziliharibika zote. Mikono ndiyo hii. Daktari anasema wa kushoto utarudi. Wa kulia, vidole viwili havitakunjika tena.

Kosa ni langu. Ni ile taa niliyojiunganishia, nilijifanya fundi. Nimewaambia hivyo wenye uchunguzi. Waliuliza kuhusu aliyesuka waya, nikawaambia dada yangu hana doa, ulizeni popote. Walipomaliza wakataka nitie dole gumba kwenye maelezo. Tukatazamana, tukacheka wote, halafu mimi nikalia.

Kazi nimeachishwa. Baba asiambiwe, atasema nimelitia aibu jina la gereji, na atakuwa amesema kweli. Nisamehe Dada. Ulinionya kuhusu harufu, nikasema ni turubai.

Mdogo wako

*Binti, hapa chini naandika mwenyewe. Yeye amelala, dawa ni kali.*

*Mimi ndiye niliyekwenda na toroli kuchukua mabaki. Hiyo taa anayojilaumu nayo, waya zake hazikuungua hata kidogo. Chini ya kiti nilikuta boksi lenye utepe mwekundu, plastiki imeyeyuka juu ya shaba. Naijua kazi hiyo, niliwahi kuifanya. Shaba yako ni nene kuliko yangu.*

*Sijamwambia msimamizi, wala yeye mwenyewe. Yeye alinifagisha uwanja kwa kosa hili hili, lakini silipizi kisasi kwa mtoto aliyeungua. Na pikipiki ninayopanda leo inatembea kwa boksi ulilomshonea yeye. Fikiria ninavyoipanda.*

*Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwambie wewe. Nakupa safari mbili za lori. Baada ya hapo nitamwambia mimi.*

---

13 Mei

Mdogo wangu,

Msomaji wako atakapofika hapa, mwambie asome polepole na asinionee huruma.

Taa yako haikufanya kitu. Ni mimi. Siku ya kuondoka kwako fyuzi zilikuwa zinakatika kila nikikunja usukani kushoto. Kulikuwa na shoti shingoni na sikuipata. Nikaweka waya mahali pa fyuzi, nikaufunika kwa utepe wangu, nikakuacha uende. Nilikuwa na haraka kwa ajili yako, hilo ni kweli. Lakini pia Baba alikuwa ananisifia mbele ya wanaume wanaonicheka, na sikutaka kusimama mbele yao niseme, "Nimeshindwa, naomba siku moja." Siku moja tu ya aibu, nikaona ni nyingi.

Fyuzi kumi na mbili, zoezi la kivulini, hadithi ya duka jipya, lile boksi, nilikuwa najaribu kukwambia kwa kila njia isipokuwa kukwambia. Ulipoandika neno muuaji nilikaa chini sakafuni, na bado sikuandika.

Nimemwandikia msimamizi kila kitu, nimetia sahihi na muhuri wa gereji. Nimemwambia Baba, nilisubiri wateja wawepo ili nisije nikapunguza maneno. Aliinuka kwa mkongojo wake akatoka. Siku ya tano leo hajaniongelesha, anakula kwa jirani. Wateja wawili wamekuja kuchukua pikipiki zao zikiwa hazijamalizika.

Rudi nyumbani. Nitakulisha, nitakuogesha, nitakuvalisha mashati, kama zamani. Nitukane ukifika. Kila neno nitalipokea. Ila rudi.

Dada yako

---

9 Juni

Dada,

Huu ni mkono wangu wa kushoto. Kila mstari nauandika asubuhi moja, kwa hiyo usitegemee mengi.

Barua yako alinisomea Mzee. Nilimrudisha mara mbili pale kwenye waya, nikidhani amekosea kusoma. Nikamwuliza kama alikuwa anajua. Akavua miwani akaifuta, nikaelewa.

Barua yako kwa msimamizi ilifika pia. Haikusaidia. Wamenionyesha fomu ya ukaguzi, mwandiko wangu, pikipiki sita. Tano nilizifungua. Mstari wa sita, wa pikipiki yangu, nilitia alama ya vema bila kuinua kiti, kwa sababu ni kazi yako. Kwa hiyo hata mimi nilidanganya, kwa jina lako. Kazi nimeikosa kihalali.

Waya nimekusamehe. Nasema kweli. Kwa kosa kama hilo nilimwita mzee wa watu muuaji, na mzee huyo huyo ndiye ananifunga vifungo kila asubuhi na mke wake ananilisha. Mtu kubanwa asubuhi moja, sasa ninaelewa.

Barua ndizo siwezi. Nimeziorodhesha kichwani, maana zenyewe nilizibeba mfukoni na ziliungua. Tatu ulizoandika kabla ya moto. Katika kila moja ulipata nafasi ya kunitania, ya kunigombeza, ya kusema habari za chai ya Baba. Neno lenyewe lilikuwa linahitaji mstari mmoja. Na kama mkono ulikuwa mzito, lori lilikuwa linapanda huku kila wiki mbili na kiti cha pembeni cha dereva ni kitupu, nimemwuliza. Ungepanda, ungenikuta kivulini, ungeinua kiti mwenyewe, hata bila kunieleza kitu ungesema umenikumbuka. Ningekuamini. Hiyo ndiyo inayoniuma, Dada, kwamba ningekuamini.

Ulichagua mimi niungue kuliko wewe uchekwe. Najua hukuchagua kwa maneno hayo. Ulichagua kila wiki mbili, kidogo kidogo.

Sirudi. Mzee ananifundisha kupokea sampuli dirishani na kuziandika, kazi ya mkono mmoja, labda watanichukua. Usinitumie mashati.

Umwangalie Baba. Siku akitutoka mwambie dereva, nitakuja kuzika, nitakaa siku tatu na wewe kama watoto wa baba mmoja, watu wasione kitu, halafu nitaondoka. Zaidi ya hapo usiniandikie. Ukiandika, barua nitampa Mzee aisome peke yake, na mimi nitamwuliza tu kama kuna msiba. Akisema hakuna, nitaendelea na kazi.

Mdogo wako